Kitunguu Saumu Kisichonuka

Wilondja alikuwa na chupa mia nne na kumi na mbili za pilipili, na hakuna hata moja iliyotiwa kitunguu saumu.

Kwa mtu asiyekaa Alief, mtaa wetu wa Houston, hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Si dogo. Hapa pilipili ya nyumbani hainunuliwi kwa macho. Mama anafungua kifuniko, ananusa, na kitunguu saumu kisipompiga puani anarudisha kifuniko na kuuliza habari za watoto. Wilondja aliulizwa habari za watoto wiki mbili mfululizo, na watoto hana.

Chupa zilitoka kwa Émile wa DeSoto, kule kusini mwa Dallas. Émile alizipika mwenyewe gerejini: pilipili mbuzi, karoti, siki na chumvi, basi. Kitunguu saumu hakutia kwa sababu kilimsumbua tumbo, na mpishi mwenye tumbo la namna hiyo angefaa kupika kitu kingine. Wilondja alimpa Nissan yenye gia mbovu, Émile akampa chupa zote. Siku ile kila mmoja aliondoka akimcheka mwenzake kimoyomoyo. Gari lilizimika kabla ya kufika kona, kwa hiyo Émile ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Lakini gari bovu unaweza kuliacha nje.

Chupa zilikaa sebuleni, ndani ya makatoni, mbele ya kochi. Christelle, mke wa Wilondja, alifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee, saa kumi na mbili kwa siku, na akirudi alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kochi lile.

"Wilo," alimwambia, "hizi chupa zitoke mbele ya mwezi wa pili kuisha. Zikibakia, ni miye natoka. Rosette iko na chumba tupu kule DeSoto."

Rosette alikuwa dada yake, na hakuwahi kumpenda Wilondja hata kwa bahati mbaya.

"Zitatoka, chérie."

"Ulisema hivyo hivyo juu ya ile Nissan."

"Na Nissan haikutoka?"

"Ilitoka. Ikaleta hizi."

Christelle hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno. Aliwahi kumwambia mchungaji kwamba mahubiri yakipita saa mbili atakwenda nyumbani, na yalipopita saa mbili akaenda nyumbani. Wilondja alilijua hilo. Katika miaka yake arobaini na moja, kuanzia Uvira mpaka Houston, alikuwa amepoteza vitu vingi na kuviokota vingine mahali pengine, lakini Christelle hakuwa kitu cha kuokota mahali pengine.

Tuseme pia neno moja la haki juu ya Wilondja. Hakuwa mwongo. Alikuwa na koti zuri la kijivu na sauti ya mtu anayeleta rambirambi, na alisema ukweli mpaka pale ambapo ukweli ungemharibia kazi. Hapo alinyamaza. Watu wengi walimpa pesa zao katika kimya hicho.

Nafasi ilijitokeza Ijumaa moja saa sita mchana, nje ya duka moja la Kiafrika kwenye barabara ya Bissonnet. Kulikuwa na jiko la mishkaki, na mbele ya jiko alisimama Abdulhafidh, Mmombasa, dereva wa kubeba abiria, na sahani mkononi. Muuzaji alimsogezea kibakuli cha pilipili ya kitunguu saumu. Abdulhafidh alikitazama kama mtu anavyomtazama mchumba wa zamani, kisha akakisukuma.

"Leo Ijumaa, bwana. Nile thomu mbichi halafu nikasimame safu ya kwanza? Watu watahama msikiti."

Thomu ndivyo watu wa pwani wanavyokiita kitunguu saumu, na kwao aliyekila kibichi hakaribii msikiti mpaka harufu imwishe. Ni adabu ya zamani na haina ubishi.

"Tia kidogo," muuzaji alisema.

"Thomu haina kidogo. Na jioni nina abiria wa uwanja wa ndege. Wiki jana mmoja alifungua dirisha kwenye mvua. Akalowa, halafu akanipa nyota moja."

Kuna watu wakisikia shida ya mwenzao huona huruma. Wilondja aliona kochi.

"Ndugu yangu," alisema kwa upole, "kama ingekuwako pilipili ya kitunguu saumu isiyonuka, ungeila?"

"Hakuna kitu kama hicho."

"Sikuuliza kama iko. Ungeila?"

"Ningeoga nayo."

Wilondja alikwenda kwenye gari lake, Camry, akarudi na chupa moja. Abdulhafidh alifungua, akanusa, akanusa tena.

"Hainuki thomu hata chembe."

"Ndiyo."

"Sasa nitajuaje kama imo?"

"Ndugu, ukinunua maji yaliyochujwa, huwa unauliza uchafu uko wapi?"

Abdulhafidh alilifikiria jambo hilo. Lilikuwa na sura ya hoja, na yeye alikuwa na njaa. Akamimina pilipili juu ya mishkaki, akatafuna, akafumba macho.

"Naipata," alisema. "Kwa mbali. Huku nyuma ya ulimi."

"Hapo hapo ndipo inapokaa."

Abdulhafidh alikwenda msikitini, akasimama safu ya kwanza, na hakuna mtu aliyehama. Alirudi kununua chupa tatu. Jumatatu akarudi na madereva wenzake wanne, na kila mmoja akamhemea mwenzake usoni hapo kwenye maegesho, kwa zamu, kama watu wanaopimwa ulevi. Wakanunua kumi na sita.

Wilondja alichapisha lebo mpya. Iliandikwa: KITUNGUU SAUMU, HARUFU IMETOLEWA. Ninavyojua mimi, hiyo ndiyo lebo ya kweli kuliko zote zilizowahi kubandikwa Houston, kwani harufu ilikuwa imetolewa kabisa, pamoja na kitunguu chenyewe. Bei, iliyokuwa dola nne wakati hakuna anayenunua, ilipanda ikawa kumi.

Wauguzi walinunua, maana wagonjwa huwa karibu. Waimbaji wa kwaya walinunua, maana sauti ya kwanza husimama mbele ya sauti ya pili. Flaviana, Mtanzania mmoja mwenye saluni, alichukua sita, na baada ya siku tatu akapiga simu.

"Kaka Wilondja, pilipili yako nzuri, ila kitunguu saumu umezidisha. Mteja wangu mmoja amelalamika kinamkereketa. Hebu punguza kidogo."

"Nitapunguza, dada."

Lilikuwa agizo la kwanza maishani mwake ambalo asingeweza kulitimiza hata angetaka.

Makatoni yalipungua. Siku moja Christelle alirudi kazini akaliona kochi lake lote, kutoka mkono huu mpaka mkono ule. Akakaa. Akavua viatu.

"Watu wanasema hii pilipili iko na ai," alisema. Watu wa kwao kitunguu saumu wanakiita ai, kwa Kifaransa.

"Wanasema wao."

"Na weye unasema nini?"

"Mimi ninasema dola kumi."

Christelle alimtazama, lakini miguu ilikuwa inamuuma na kochi lilikuwa laini, akaliacha neno hilo lipite. Zilibaki chupa tisini, na mwezi wa pili ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Mtu mwenye busara angeuza hizo tisini, akafunga biashara, akampeleka mkewe kula samaki. Wilondja mwenyewe alikusudia hivyo. Kisha simu ikalia kutoka mji wa Katy, magharibi mwa Houston.

Mpigaji alikuwa Mzee Abdulhalim, Mzanzibari, muuza viungo kwa jumla. Bidhaa zake zilifika migahawani na misikitini kuanzia Houston mpaka Dallas na Fort Worth, na ilisemwa juu yake kwamba senti haiwezi kupita karibu naye bila kusalimiana. Alimwita Wilondja nyumbani kwake. Wilondja alivaa koti la kijivu, akachukua barabara ya I-10 kuelekea magharibi, akafika kwenye nyumba mpya ya ghorofa iliyofanana na nyumba mpya zote za mtaa ule, isipokuwa hii ilinukia iliki mpaka barabarani.

Jikoni alikuwapo Abdulhalim na dada yake mkubwa, Bi Hasina, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na kanga begani. Bi Hasina ndiye aliyesaga achari na pilipili ambazo mdogo wake aliziuza. Hakusimama. Alinyoosha kijiko tu, kama daktari.

Wilondja alimtilia pilipili. Bi Hasina aliilamba, akakigeuza kijiko, akakilamba na upande wa nyuma.

"Halim," alisema mwishowe, "thomu ya namna hii sijapata kuionja tangu nizaliwe."

"Umesikia, mwanangu?" Abdulhalim alimwambia Wilondja. "Dada yangu hamsifu mtu. Mume wake alimpikia biriani miaka kumi akifa na kiu ya neno kama hilo. Sasa nisikilize. Ramadhani hiyo inakuja. Watu wanafuturu wanakula thomu, halafu wanakwenda tarawehe kubanana bega kwa bega. Unafahamu tabu yake?"

"Nafahamu, mzee."

"Nataka chupa elfu mbili. Houston na Dallas. Dola tisa kila moja, nalipa siku unapoleta."

Elfu kumi na nane. Wilondja hakubadilisha uso. Alikuwa amejizoeza kutobadilisha uso kwa habari mbaya, na akagundua kwamba kwa habari nzuri ni kazi zaidi.

"Nina masharti," Abdulhalim aliendelea. "La kwanza, thomu itoke kwangu. Nitasimama mbele ya maimamu niseme hii ni thomu ya Abdulhalim, siwezi kusema uongo. Maboksi thelathini, dola sitini boksi. Taslimu."

"Mzee, nilidhani labda kungekuwa na kianzio."

"Ndicho hicho kianzio. Si nimekuuzia kwa jumla?"

Wilondja alikuwa amekuja Katy kuchukua pesa, na hapo mezani akajiona anahesabu zake. Lakini angekataaje? Mtengenezaji wa pilipili ya kitunguu saumu anayekataa kununua kitunguu saumu ataulizwa maswali, na maswali hayo yana jibu moja tu.

"La pili," Abdulhalim alisema, "maganda nayataka."

"Maganda?"

"Niliwahi kumuuzia mtu thomu yangu, akaiuza kwingine, akatia unga wa kwenye kopo, akaandika jina langu. Tangu siku hiyo thomu yangu naihesabu kwa maganda. Utaniletea yote, nitayapima kwenye mizani."

"Na la tatu?"

"La tatu dogo. Ijumaa ile ya kabla ya Ramadhani, saa tano, tutaila hapa pamoja na wewe, tunuse. Ikiwa hainuki, unachukua pesa zako."

Hilo la tatu lilimfurahisha Wilondja. Ukitaka kumwona mtapeli akiwa ametulia, mpe mtihani ambao bidhaa yake itafaulu kweli. Akapeana mikono na Abdulhalim, akamwinamia Bi Hasina, akatoka.

"Nenda salama, baba," Bi Hasina alisema. "Na kisu chako ukinoe."

Kwanza alimpigia Émile simu kule DeSoto, akaagiza chupa nyingine, na akamwonya asiboreshe chochote. Émile alisema mia tano zitakuwa tayari, dola elfu moja mbele, na chupa zilizobaki zitafuata baadaye. Wilondja akalipa. Maboksi thelathini ya kitunguu saumu yakaletwa na gari la Abdulhalim, kilo mia nne na ushei, yakapangwa sebuleni, mbele ya kochi.

Christelle alisimama mlangoni.

"Hizi ni chupa?"

"Hapana. Ni vitunguu saumu."

"Ni za nini? Pilipili yako haina ai."

"Ndiyo maana zipo, chérie. Ni za kuonekana."

Kwanza alijaribu njia za mkato, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Alikusanya gunia la maganda ya vitunguu maji kutoka mgahawa mmoja, akayatazama juani, akayaona ni mekundu na mapana, na hata kipofu angeyatambua kwa kuyashika. Akajaribu kutikisa punje kati ya sufuria mbili, jinsi alivyoona kwenye simu. Maganda yalitoka kweli, na polisi nao wakaja, kwani jirani wa chini alidhani kuna mtu anapigwa.

Angeweza kukodi watu. Pale Alief akina mama wa kumenya hawakosekani. Lakini mama akishakumenyea kitunguu saumu kilo mia nne atataka kujua kinakwenda wapi, na hiki hakikuwa kinakwenda popote. Hapo ndipo Wilondja alipoelewa ubaya wa siri. Siri haikodiwi msaidizi. Akachukua kisu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaanza na punje ya kwanza.

Alimenya siku kumi na nane. Saa tisa kwa siku, wakati mwingine kumi. Siku ya tatu ncha za vidole zilianza kuungua. Siku ya sita ukucha wa gumba la kulia uliachia, na wa kushoto ukaufuata Jumapili. Maganda aliyaweka kwenye magunia. Punje zenyewe hakujua aziweke wapi. Kuziuza hakuweza, maana angeulizwa kwa nini zimebaki. Kuzitupa hakuthubutu, maana pipa la takataka la jengo lile ni moja, na jengo zima lingejua kwa pua. Akanunua mafrizi mawili makuukuu, akayajaza. Zilizozidi akazitia kwenye bafu pamoja na barafu.

Harufu ya kitunguu saumu ina tabia ya mgeni wa hapa Texas. Huja kwa siku mbili, kisha huleta mizigo yake. Iliingia kwenye mapazia, halafu kwenye kochi, halafu kwenye sare ya kazi ya Christelle. Wilondja alipopeleka magunia ya kwanza Katy ili kupata nafasi, iliingia kwenye viti vya Camry, na kuanzia hapo ikawa inasafiri naye.

"Leo kazini mzee mmoja amenishika mkono," Christelle alisema siku ya kumi na mbili. Alisema taratibu, na hiyo haikuwa dalili nzuri. "Ameniuliza juu ya nini sijamletea chakula. Anasema iko nasikia harufu yake tangu asubuhi."

"Ni siku sita tu zimebaki."

"Supavaiza naye ameniita. Ananiuliza kama kwetu kuko maji."

"Chérie, ni dola elfu kumi na nane."

"Wilo, miye naogea kazini. Bafu yangu iko na ai."

Kulikuwa na jambo ambalo Wilondja hakulijua, nalo ndilo lililobeba mengine yote. Mtu akikaa na kitunguu saumu wiki mbili, pua yake hukikubali na kunyamaza. Yeye mwenyewe hakusikia kitu tena. Alifikiri harufu inapungua.

Ijumaa ilifika. Asubuhi lori la kukodi lilifika na chupa mia tano za Émile, nazo zikapangwa sebuleni kati ya mafrizi. Wilondja alioga kwenye sinki, akavaa koti la kijivu, ambalo lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango siku zote kumi na nane, akapakia magunia ya mwisho ya maganda na katoni tatu za pilipili, akaenda Katy.

Gerejini kwa Abdulhalim palikuwa na meza, mishkaki, mkate wa mofa, na mizani. Bi Hasina alikaa kwenye kigoda chake. Abdulhafidh naye alikuwapo, ameitwa kama shahidi, naye alikuwa na hamu ya kushuhudia.

"Mimi nimekula chupa tisa," alikuwa akiwaambia. "Tisa. Mke wangu hajui kama nimekula. Huyu bwana ni..."

Wilondja aliingia, na Abdulhafidh hakumaliza.

Maganda yalipimwa kwanza. Abdulhalim aliongeza yaliyoletwa mwanzo, akapiga hesabu kwa kalamu, akaridhika.

"Mashaallah. Hujaiba hata punje. Umemenya mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu, mzee."

"Yanaonekana hayo," Bi Hasina alisema, akiangalia magumba.

Wakaanza kula. Wilondja alijimiminia pilipili zaidi kuliko wote, akatafuna kwa utulivu, akanyoosha shingo ili anuswe. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kulipwa. Abdulhalim aliinama, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Inanuka," alisema.

"Haiwezekani, mzee."

"Abdulhafidh, njoo."

Abdulhafidh alikuja kwa huzuni. Hakuhitaji kufika. "Bwana," alisema, "umekuja na nani kwenye gari?"

"Si pilipili," Wilondja alisema. "Ni mimi."

"Wewe umekula nini?"

"Hii hii pilipili. Lakini harufu si yake. Ni ya kumenya. Nimemenya siku kumi na nane."

"Sawa," Abdulhalim alisema. "Lakini mwanangu, wewe si ndiye mwenye ufundi wa kutoa harufu ya thomu? Umeitoa kwenye chupa mia nne. Unashindwa kuitoa mwilini mwako mwenyewe?"

Wilondja alifungua mdomo. Maisha yake yote, penye jibu baya, alikuwa akinyamaza na kimya kikamletea pesa. Alinyamaza sasa pia. Kimya hiki hakikuleta kitu.

"Mimi na jina langu," Abdulhalim alisema, "sipeleki msikitini pilipili ambayo fundi wake ananuka hivi. Agizo limekufa. Hatuna ugomvi."

"Mzee, naomba basi unirudishie pesa za thomu."

"Thomu niliuza, ukanunua. Umeshaimenya. Nitarudisha nini, maganda?"

Abdulhafidh alikuwa bado anatafakari. "Sasa mimi chupa tisa zile nilizokula, zilikuwa hazinuki kwa nini?"

"Kwa sababu hamna thomu ndani, mwanangu," Bi Hasina alisema. "Ni karoti na siki. Nimejua siku ile aliponitilia kijiko cha kwanza. Nina miaka sitini na tatu, thomu naila tangu sina meno."

Abdulhafidh alikaa chini. "Lakini mimi niliipata. Huku nyuma."

"Ulikuwa unaipenda, baba. Ndiyo uliyoipata."

Wilondja alimgeukia yule mama. Sauti ya rambirambi ilimtoka sasa bila kuitafuta. "Bi mkubwa, kama ulijua, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeondoka na chupa zako. Halafu nani angenimenyea?" Bi Hasina alirekebisha kanga. "Wamenyaji wangu wawili wamepata kazi kwenye ghala Fort Worth, wameniacha na Ramadhani mlangoni. Nina oda ya pilipili ya misikiti saba. Hiyo ya kweli, inayonuka. Thomu ninayo, lakini kilo mia nne nitamenya lini, na mikono hii?"

"Thomu ile ni yangu," Wilondja alisema. "Nimeinunua, nimeimenya. Kama unaihitaji, tuelewane bei."

"Ni yako kweli. Kaa nayo."

Alisema hivyo bila hasira yoyote, akachukua kipande cha mkate. Wilondja alifikiria mafrizi mawili. Alifikiria bafu. Alifikiria barafu, ambayo aliibadilisha mara mbili kwa siku, na kochi, na uso wa Christelle aliposema neno supavaiza. Hakuna mtu Alief ambaye angeweza kumuuzia, na Abdulhafidh alikuwa ameshatoa simu yake na kuanza kuandika kwa vidole viwili, kwa madereva wote, pole pole, bila kuruka kitu.

"Bi mkubwa," Wilondja alisema, "gari lenu linaweza kuja leo?"

"Leo kuna foleni."

"Nakuomba."

"Basi tutakupunguzia mzigo. Ila na mafrizi yaje, isije ikayeyuka njiani."

Gari la Abdulhalim lilifika Alief saa tisa mchana. Wilondja mwenyewe alisaidia kubeba. Alipiga deki, akamwaga siki sakafuni, akafungua madirisha yote. Saa kumi Christelle alitoka chumbani na sanduku, na chini Rosette alikuwa amewasha gari. Alikuwa ameendesha toka DeSoto asubuhi bila kusimama, kwa furaha.

"Vitunguu saumu vimetoka," Wilondja alisema. "Vyote. Tazama."

"Naona."

"Na mwezi haujaisha. Ulisema mpaka mwezi uishe."

"Nilisema hivyo juu ya chupa." Christelle alizitazama zile mia tano mpya, mbele ya kochi. "Juu ya ai sikukuahidi siku hata moja."

"Harufu itatoka, chérie."

"Itatoka lini?"

Hakujua. Christelle akashika mkono wa sanduku.

"Ukijua utanipigia," alisema.

Gharama ni hizi. Maboksi thelathini ya kitunguu saumu, dola elfu moja na mia nane. Chupa mia tano za Émile, dola elfu moja. Wateja waliodai dola kumi zao warudishiwe, arobaini na watatu, na Flaviana alidai za chupa sita. Mafrizi mawili, yako Katy. Siku kumi na nane. Kucha mbili. Kochi moja, mapazia jozi tatu, viti vyote vya Camry. Dhamana ya apatimenti, ambayo meneja alikuja kukataa kuirudisha na hakuvuka kizingiti. Mke mmoja, yuko DeSoto, maili mia mbili na arobaini.